Sauti ya Tope

Kilo moja na nusu, akasema Dona Idalina,
akatupia watatu zaidi juu ya mizani, nyongeza ya jirani,
akacheka mpaka mzani ukatikisika:
leo kumekuchaje,
mume wa mchimba kome ananunua kome?

Ni kweli. Nyumbani kwetu kome hupita tu.
Hulala usiku mmoja kwenye ndoo, uani,
wakitema mchanga,
alfajiri gari la mnunuzi linawachukua
nasi mchana tunakula dagaa na viazi.
Miaka kumi na mmoja Felisbela anainama
kwenye matope ya Ria Formosa, maji yakishapwa,
kisu kifupi mkononi, leso kichwani, kofia juu ya leso,
na sijamwona akila hata mmoja.
"Ukiwa na deni la boti," husema,
"kome ana ladha ya risiti."

Deni limeisha Jumanne.

Mimi si mtu wa pwani. Nimezaliwa Trás-os-Montes,
milimani, ambako kinachopasuka motoni ni kokwa za msituni
na chenye chumvi ni paja la nguruwe lililotundikwa darini.
Basi jikoni leo niko kama mgeni kwenye msiba wa watu:
nafanya kila kitu kwa adabu, sijui kwa nini.

Nimewasha oveni hadi ikanuna.
Nimemenya punje saba za kitunguu saumu,
nikazitia kwenye mafuta ya zeituni, nikageuka kutafuta limau,
nikageuka tena: nyeusi, chungu,
jiko zima limejaa aibu yangu.
Punje saba nyingine.
Safari hii nimezisimamia kama askari wa benki.
Kotimiri shada zima, na mabua yake,
mabua ndiyo yenye maneno.
Zaatari kidogo kutoka kopo la dirishani.
Mvinyo mweupe, kikombe kwa sinia, kikombe kwa mpishi.

Kome wamekaa kwenye bati, midomo wameifumba
kama baraza lililogoma kupiga kura.

Ndipo viatu vyake vya mpira vikaanguka mlangoni,
kimoja, halafu kingine.
Hakusema kitu. Alinusa.
Nami, ili nisimtazame, nikaanza kuwapanga upya,
wakigongana.

"Mtoe huyo."
"Yupi?"
"Uliyemgusa sasa hivi. Alikufa zamani, amejaa tope.
Akifunguka atatuharibia sinia lote."
Alikuwa amenipa mgongo, anavua soksi.

Nikampasua kwa kisu juu ya sinki.
Makaka mawili, yamebana kama ya wenzake,
na ndani tope jeusi, laini,
limechukua umbo la mwenye nyumba.
Nikagonga mzima kwa kisu, nikagonga kaka la yule mfu.
Nasikia ko. Nasikia ko.
Akacheka kwa pua.

Dakika nane. Wakaanza kuachia,
mmoja, wawili, halafu wote pamoja kama watu waliosikia jina la harusi,
na ule mchuzi wao, wa kijivu, ukakutana na mafuta
ukawa kitu ambacho sikuwa nimekipika mimi.

Tulikula wima, sinia juu ya jiko,
maana meza bado ina makaratasi ya boti.
Alimchukua wa kwanza, akamweka kwenye pingili ya kidole gumba,
akapima.
"Mdogo huyu. Angerudishwa majini."
Kisha akamla,
akalamba kaka, akanyamaza mpaka nikaogopa.
"Umetia chumvi?"
"Sijatia."
"Vizuri. Wana yao."

Wa pili: "Senti arobaini hiyo."
Wa tatu: "Senti arobaini nyingine," mafuta yakimshuka kidevuni,
na mkate, aliouvunja kwa vidole vilivyopasuka kwa maji ya chumvi,
aliuzamisha mpaka kiganja.
Nilimsubiri atoe jumla. Hakuitoa.

Kesho maji yanapwa saa kumi na moja na robo.
Sinia nitaosha mimi.